Kutoka buku la kodi hadi tabuleti: nani atatuhesabu huku kwetu?

Ndugu zangu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mnaosoma bado, nina swali moja la kuanzia. Nani kati yetu amekwisha kuhesabiwa na inchi hii? Sisemi kuandikishwa kwa kura. Nasema kuhesabiwa: wewe, wazazi wako, nyanya yako asiyetoka tena nje, na mtoto aliyezaliwa jana, wote katika nyumba yenu.

Kama ulizaliwa baada ya tarehe 1 Julai 1984, jibu ni hapana. Wakati ule Kongo ilikuwa ikiitwa Zaire, Mobutu akitawala, na ndipo ilipofanyika sensa ya kwanza ya kitaalamu ya inchi nzima. Mpaka leo ndiyo ya mwisho. Ilipata watu milioni 30 na kidogo. Maniema yenyewe ilikuwa bado kipande cha Kivu; ilisimama peke yake mwaka 1988. Kwa hiyo tangu hapo jimbo letu halijahesabiwa hata siku moja. Hesabu zote tunazosoma juu ya Kasongo, Kabambare au Lusangi ni makadirio, au ni hesabu za watu wa afya wanapogawa vyandarua na chanjo.

Sensa ya pili imekuwa ikitayarishwa kwa miaka mingi, na mipango yake inataja tabuleti, vile ambavyo Watanzania wanaita vishikwambi. Nikiongea na vijana wenzangu nasikia furaha: mashine ikifika, mambo yatanyooka. Mimi nilisoma historia, na historia ya huku inanizuia kufurahi haraka namna hiyo. Kwetu shida haikuwa kalamu. Shida ilikuwa kwamba kila aliyekuja kuhesabu alikuja kuchukua.

Tuanzie Kasongo ya Tippu Tip. Katika miaka ya 1870 na 1880 mji ule ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe na watumwa. Vilivyohesabiwa ni pembe, bunduki, wapagazi na mateka. Mwaka 1893 jeshi la Leopold likauteka mji, na mwenye kuhesabu akabadilika. Baadaye Wabelgiji wakaleta kodi ya kichwa kwa amri ya mwaka 1910. Ili kodi ilipwe lazima Leta ijue kila kijiji kina wanaume wangapi wenye nguvu. Mwanaume mzima akawa na fishi yake kwenye ofisi na kijitabu chake mfukoni, kile ambacho wazee walikiita buku. Mwenye wake wengi alitozwa zaidi. Kisha ikaja pamba. Maniema ndiyo moja ya sehemu za kwanza za Kongo kulimishwa pamba, na tangu 1917 kulima kukawa lazima. Idadi ya wanaume kijijini ikawa pia idadi ya mashamba ya kupimwa.

Sasa jiulize: wewe ungekuwa kapita wa kijiji, ungesema watu wote? Anayetaja vijana kumi anatafutia vijana kumi kodi, pamba na kazi ya barabara. Wengine walihamia porini, wengine walijificha siku muzungu anapita. Haikuwa ujinga. Walielewa vizuri kabisa hesabu ile ilikuwa ya nini. Hata Wabelgiji wenyewe hawakuziamini sana rejista zao, ndiyo sababu mwaka 1955 hadi 1957 walifanya uchunguzi mwingine kwa kuchagua baadhi ya vijiji tu na kuviuliza kwa makini.

Hapa wengine watasema: yale yalikuwa ya karatasi, sasa tuko na mashine. Sawa, tuangalie mashine.

Mashine kwenye sensa si jambo la jana. Marekani ilihesabu watu mwaka 1880, na kupanga majibu kukachukua karibu miaka 8. Kwa sensa ya 1890 Herman Hollerith akatengeneza mashine ya kusoma kadi zilizotobolewa, kazi ikaenda mbio. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Marekani hiyo hiyo ilipanga kutumia vifaa vya mkononi kwa sensa ya 2010. Vifaa vikasumbua, gharama zikapanda, na mwaka 2008 wakaamua wanaofuatilia nyumba zisizojibu warudi kwenye karatasi. Lakini mwaka ule ule wa 2010 Cape Verde, kisiwa hiki na kile baharini, ilihesabu watu wake kwa vifaa vya mkononi na ikafaulu. Basi utajiri peke yake hautoshi.

Na majirani zetu? Kenya walihesabiana usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, kwa tabuleti, na tarehe 4 Novemba mwaka huo huo matokeo yakatoka: watu 47,564,296. Sensa yao ya 2009, ya karatasi, iliwangojesha mwaka mzima. Tanzania walihesabiana tarehe 23 Agosti 2022, na tarehe 31 Oktoba Rais Samia akatangaza watu 61,741,120. Baadaye vishikwambi vikapewa walimu.

Faida yake naielewa. Karatasi lazima isafiri, isomwe, kisha mtu mwingine aiandike tena kwenye kompyuta, na kila hatua ina makosa yake. Tabuleti inakataa jibu lisilowezekana: ukiandika kwamba mtoto wa miaka 7 ana watoto watatu, haikuachii kuendelea. Inaonyesha nyumba iko wapi kwa msaada wa satelaiti, hivyo karani hawezi kukaa chini ya mwembe akajaza kijiji kizima kwa kubuni. Na haihitaji rezo muda wote. Inatunza majibu, ikifika penye rezo inayatuma. Kwa Lusangi hilo si jambo dogo.

Lakini tabuleti haiwezi kumfanya mtu aamini. Huko Kenya, pamoja na mashine zote zile, hesabu za Garissa, Wajir na Mandera zilipelekwa mahakamani, na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikazitengua. Kule idadi ya watu inaleta fedha na viti vya bunge, kwa hiyo ugomvi ulikuwa juu ya nani amehesabiwa na nani ameachwa. Swali hilo mashine hailijibu peke yake.

Tena kuna jambo zito zaidi. Wabelgiji hao hao waliotuandikia buku ndio walioandika Wanyarwanda mmoja mmoja katika miaka ya 1930: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Neno lile likabaki kwenye kitambulisho, na mwaka 1994 watu waliuawa kwenye vizuizi vya barabara kwa kusomwa kadi zao. Sisi tunaoishi upande huu wa Kongo, tunaojua maneno ya "nani ni mwenyeji" yanavyoweza kumwaga damu, tuna haki ya kuuliza mapema: tabuleti itauliza kabila? Jibu litatunzwa wapi? Nani ataweza kulifungua?

Na turudi kwetu. Mashine itafuata ramani itakayopewa. Kama kijiji hakimo kwenye ramani, karani hatatumwa huko. Vijiji vyetu vingapi vimehama kwa sababu ya vita, vikachukua jina jipya au vikagawanyika? Wachimbaji wa dhahabu upande wa Namoya na Salamabila wanalala leo hapa, kesho pale. Waliokimbia mapigano Kabambare wanaishi kwa ndugu zao Kasongo, watahesabiwa wapi? Watanzania, kabla ya sensa ya 2022, walitumia nguvu nyingi kuzipa nyumba na barabara anwani. Kazi ile ya kuchosha ndiyo iliyotangulia vishikwambi.

Kwa nini najali? Kwa sababu leo anayehesabika Kongo ni mpiga kura. Viti vya bunge vinagawanywa kwa kufuata walioandikishwa kupiga kura, na kadi ya kura ndiyo kitambulisho chetu. Mtoto haimo ndani ya hesabu hiyo. Mtaka shule anahesabu watoto, mtaka maternite anahesabu akina mama na mimba. Tukidai shule ya pili au daktari wa pili, tunadai kwa makadirio yaliyojengwa juu ya mwaka 1984, na mtu wa Kinshasa anaweza kuyapunguza atakavyo. Hatuna la kumwonyesha.

Siku sensa itakapofika, watakaotafutwa kushika tabuleti ni sisi, wenye diploma na tunaojua lugha ya nyumbani. Wengi wataitazama kama kibarua cha wiki chache, na sitawalaumu, kazi iko wapi? Ila tukumbuke tutakuwa tunagonga mlango wa watoto na wajukuu wa wale waliojificha porini. Mzee atauliza: "Munatuandika sababu ya nini? Kodi tena?" Lazima tuwe na jibu la kweli.

Pendekezo langu ni dogo, na halihitaji fedha. Kila mmoja wa chama chetu aandike orodha ya vijiji vya kwao: jina la sasa, jina la zamani, njia ya kufika masika na kiangazi, mto wa kuvuka, sefu wake nani, waliohamia wametoka wapi. Akae na wazee, awaulize pia walivyohesabiwa zamani, na sababu gani walikuwa wakikimbia. Tukiunganisha orodha hizo, siku ramani ya Kinshasa itakapofika tutaweza kusema: hapa mumesahau kijiji, na hapa mumeandika kijiji ambacho hakiko tena tangu vita. Mimi nimeanza na upande wa Lusangi. Nangojea wa Kasongo na Kabambare.