Maji Maji: Karatasi za Boma na Kauli za Wazee

Anayetaka kuandika historia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 hukutana kwanza na karatasi za watawala wa Kijerumani. Majalada ya serikali yao yalifukiwa ardhini Tabora mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, adui alipokaribia, yakafukuliwa baada ya vita hivyo. Yaliyosalimika yamehifadhiwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Barua zilizopelekwa makao makuu ziko Berlin. Orodha ya majalada ya Dar es Salaam ilichapishwa mwaka 1973, na mtafiti huanzia hapo kutafuta namba ya jalada kabla ya kuomba aletewe. Kujua Kijerumani peke yake hakutoshi: barua nyingi ziliandikwa kwa mwandiko wa kale unaowasumbua hata Wajerumani wa leo.

Gavana Gustav Adolf von Götzen alichapisha kitabu chake kuhusu Maji Maji mwaka 1909. Ni chanzo cha awali, kwani mwandishi ndiye aliyekuwa akitoa amri. Lakini ndiye pia aliyekuwa na la kujitetea. Uganga na ushirikina amevipa nafasi kubwa, huku mashamba ya pamba ya shuruti akiyapitia juu juu.

Pamba hiyo inasikika wazi kwa wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda kusini kuwahoji waliokumbuka vita au kusimuliwa na wazazi wao. Huko Umatumbi walielezwa jinsi pamba ilivyong'olewa Nandete, Julai 1905. Hata hivyo, masimulizi hayo yalitolewa wakati chama cha TANU kikivitaja vita vya Maji Maji kama mzizi wa uhuru, na mzee mwenye busara hakosi kujua mgeni wake angependa kusikia nini. Ndiyo maana kauli ya mzee hulinganishwa na ya kijiji cha jirani, kisha na ripoti ya boma, yaani ofisi ya Wajerumani wilayani.

Kuna pia utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliotungwa enzi za Wajerumani na kuchapishwa 1957. Huo unavitazama vita kwa jicho la mtu wa pwani.

Tofauti kubwa iko kwenye vifo. Wajerumani walitaja watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa baada ya askari kuchoma mazao na maghala.