Maneno ya Kiingereza yaliyozaliwa na makosa

Na Mwandishi Wetu

UKIFUNGUA kamusi ya Kiingereza, ni rahisi kuamini kuwa kila neno lililomo lina ukoo wa heshima, na kwamba anayekosea ni yule tu anayelitumia vibaya. Ukweli ni kwamba baadhi ya maneno hayo yenyewe yalizaliwa na makosa: ya sikio, ya kalamu au ya mtambo wa kuchapia.

Kisa kinachojulikana sana miongoni mwa watunga kamusi ni cha neno "dord". Mwaka 1934 kampuni ya Merriam ya mjini Springfield, Marekani, ilitoa toleo la pili la kamusi yake kubwa ya Webster. Katika ukurasa wa 771 lilikuwamo neno hilo, likielezwa kuwa ni nomino ya fizikia na kemia yenye maana ya densiti, yaani uzito wa kitu kwa kulinganisha na ujazo wake. Hata namna ya kulitamka ilionyeshwa.

Neno hilo halikuwahi kutamkwa na mtu yeyote. Mwaka 1931 mhariri wa masuala ya kemia, Austin Patterson, aliandika kikaratasi kilichosomeka "D or d", akimaanisha kuwa herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha densiti. Kikaratasi hicho kilipaswa kwenda kwenye orodha ya vifupisho. Badala yake kikapelekwa kwenye orodha ya maneno, herufi zikasomwa kwa pamoja, na neno jipya likawa limepatikana.

Miaka mitano ikapita. Februari 28, 1939, mhariri mmoja aligundua kuwa "dord" halikuwa na maelezo ya asili yake, jambo lisilo la kawaida katika kamusi ile. Uchunguzi ukafanyika, na neno likaamriwa kuondolewa. Philip Gove, aliyekuja kuongoza toleo la tatu la kamusi hiyo mwaka 1961, alikisimulia kisa chote katika jarida la lugha mwaka 1954.

"Dord" liligunduliwa na kufutwa. Yapo mengine ambayo hayakufutwa, na leo hakuna anayeyaita makosa.

Kiingereza hutanguliza kijineno "a" mbele ya jina linaloanza na konsonanti, na "an" mbele ya linaloanza na irabu. Katika karne ambazo watu wengi hawakujua kusoma, sikio halikuweza kubainisha kama ile "n" ilikuwa mali ya kijineno au mali ya jina lenyewe. Ndipo "n" ikaanza kuhamahama.

Chukua vazi la mpishi, aproni. Waingereza walilipokea neno hilo kutoka Kifaransa cha kale likiwa na "n" mwanzoni, "napron", kwa maana ya kitambaa kidogo. "A napron" ikasikika kama "an apron", na "n" ikapotea moja kwa moja. Ndugu yake wa ukoo huo huo, "napkin", kitambaa cha kufutia mikono mezani, alibaki na "n" yake. Kutokana na "napkin" Waingereza walipata "nappy", ambalo Waswahili tumelipokea kama nepi. Kwa hiyo aproni ya mama jikoni na nepi ya mtoto ni ndugu wa damu, ingawa kwa kuwatazama huwezi kudhani.

Mwamuzi wa kriketi au tenisi, "umpire", naye alianza na "n". Asili yake ni neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya asiye na mwenzake, yaani mtu wa tatu anayesimama kati ya wawili wanaoshindana. Nyoka aitwaye "adder" alipoteza "n" yake kwa njia hiyo hiyo.

Safari nyingine "n" ilihama kinyume. "Nickname", jina la utani, lilikuwa "ekename", yaani jina la nyongeza. "An ekename" ikageuka "a nekename", na jina likajipatia herufi ambayo haikuwa yake.

Wengi hupenda kuingiza chungwa, "orange", katika orodha hii, kwa kuwa Kiarabu husema "naranj" na Kihispania "naranja". Hapo Waingereza hawana hatia. "N" ilikwisha kudondoka kabla tunda hilo halijaingia katika lugha yao.

Msomaji wa Kiswahili asicheke sana. Waarabu husema "kitab" kwa kimoja na "kutub" kwa vingi. Sisi tuliisikia "ki" ya mwanzo kama ile ya kiti, tukapata vitabu. Maneno ya Kiingereza ya kumtaka dereva apite kushoto yametupatia kipilefti, na vikiwa zaidi ya kimoja huwa vipilefti. Waingereza walifanya hivyo hivyo kwa "pease", njegere: walidhani mlio wa mwisho ni alama ya wingi, wakauondoa na kupata "pea".

Aidha, yapo makosa yasiyo ya neno bali ya maelezo yake. Wengi wetu tumewahi kuambiwa kuwa "news", habari, ni herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya pande nne za dunia: kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Maelezo hayo yanapendeza, lakini si ya kweli. Neno hilo ni wingi wa "new", yaani mambo mapya, kwa kufuata mfano wa Kifaransa. Zamani liliandikwa pia "newes", likiwa na herufi tano, na pande za dunia zilikuwa nne vilevile.