Bawabu wa Chembe Hai

Mnamo Januari 2015, huko Chitima, jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe waliyokunywa baada ya mazishi. Mpishi wake alikufa pia. Ikavuma kuwa imetiwa nyongo ya mamba. Uvumi mbaya huo, msomaji, maana humtafuta mtu wa kulaumiwa.

Kumbe ilikuwa sumu ya bakteria walioota katika unga wa mahindi ulioharibika, wala moto wa jikoni hauiondoi. Huko Java ilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1930, katika machicha ya nazi yaliyochachuliwa.

Sasa tazama iuavyo. Chembe za mwili wako zina mitokondria, vinu vya nguvu. Katika utando wake wa ndani imo protini iliyo kama bawabu: huingiza ADP, iliyokwisha kutoa nguvu yake, na kutoa ATP iliyotengenezwa upya. Kwa siku moja hupitisha ATP yenye uzito ukaribiao ule wa mwili mzima! Mwaka 1970 Henderson na Lardy walionyesha kuwa sumu hiyo humkwamisha bawabu huyo. Basi chembe hufa njaa, na ghala imejaa.

Jibu la maabara kuhusu Chitima lilitangazwa Novemba 2015, miezi kumi baada ya vifo.