Kipya kwa Nani? Historia ya Meza ya Mkaguzi wa Hataza

Msomaji, hakuna swali linalomkera mwandishi chipukizi kama lile la rafiki anayemaliza kusoma hadithi yako, akakunja karatasi na kusema: "Mbona kama nimeshaisoma mahali?" Utabisha, utakasirika, lakini usiku utajiuliza mwenyewe. Je, ni yangu kweli? Na kama vipande vyake vyote vilikuwepo, mimi nimeongeza nini?

Basi wapo watu wanaolipwa mshahara kuuliza swali hilo kutwa nzima. Hawasomi hadithi. Wanasoma maelezo ya mashine, dawa, kufuli, pampu. Hao ndio wakaguzi wa hataza. Hataza, ambayo wengi Kenya huiita patenti, ni haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichovumbua kwa muda maalumu, siku hizi miaka 20 tangu apeleke maombi. Mkaguzi ndiye bawabu. Akilala, mjanja anapewa miliki ya kitu cha wote. Akiwa mkali kupita kiasi, mvumbuzi wa kweli anarudi nyumbani mikono mitupu. Hebu tumfuate bawabu huyu katika historia, tukiwa na kitu kimoja kidogo mkononi ili tusipotee njia.

Kibati chenye matundu elfu

Mwenye pumu, au aliyewahi kukaa na mtoto wodini, anaijua nebulaiza. Ile mashine inayonguruma, ina mpira na kinyago, inageuza dawa ya maji kuwa ukungu ili mgonjwa aivute. Baadaye ikaingia sokoni aina nyingine, ya kimya. Moyo wake ni kibati chembamba, kidogo kuliko kitufe cha shati, chenye matundu kama elfu moja. Kila tundu lina upana wa mikromita chache tu. Panga zaidi ya kumi kwa mstari, hayafikii unene wa unywele mmoja.

Kibati hicho kimeshikamana na pete ya kauri ya piezo, yaani kauri inayojikunja na kujikunjua ukiipa umeme. Ikiwashwa, kibati kinatetema zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde moja. Dawa iliyo nyuma yake inasukumwa katika matundu na kutoka upande wa pili ikiwa vitone. Vitone vyenye upana wa mikromita 1 hadi 5 ndivyo vinavyofika ndani ya mapafu. Vikubwa zaidi hunasa kooni, na vidogo mno vingi hutoka tena na pumzi. Hakuna pampu, hakuna kelele, na dawa inayobaki kikombeni ni kidogo. Betri zinatosha.

Chekeche linalotetema, basi. Sasa fikiri wewe ndiye mkaguzi. Mtu ameleta karatasi mezani kwako, anasema ni lake. Utaanzia wapi?

Barua iliyo wazi

Tuanze na neno lenyewe. Patenti linatokana na Kilatini, na maana yake ni kuwa wazi. Barua ya patenti ilikuwa barua ya mfalme isiyofungwa kwa lakiri, ili kila mtu aisome. Shika hapo, maana ndiyo siri ya mkataba mzima: mvumbuzi anafichua jinsi kitu kinavyofanya kazi, na umma unamwachia faida kwa muda. Hafichui, hapati.

Venice walikuwa na sheria ya namna hii tangu 1474. Miaka kumi ya ulinzi kwa aliyeleta chombo kipya, ambacho hakijawahi kutengenezwa katika dola yao. Angalia maneno hayo: katika dola yao. Kikiwa cha zamani kwingineko, si hoja. Ndipo swali la makala haya linapozaliwa. Kipya, lakini kipya kwa nani?

Marekani walipotunga sheria yao, Aprili 1790, kazi ya ukaguzi waliwapa watu watatu, tena wakubwa: Waziri wa Mambo ya Nje, Waziri wa Vita na Mwanasheria Mkuu. Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa Thomas Jefferson. Ndiyo, yule yule aliyeandika Azimio la Uhuru aliketi kusoma maombi ya watu wa mashine. Hataza ya kwanza, ya tarehe 31 Julai 1790, ilikwenda kwa Samuel Hopkins kwa njia ya kutengeneza potashi, na George Washington akatia sahihi. Katika miaka mitatu zilitolewa 57 tu. Waziri ana nchi ya kuendesha, atasoma mangapi?

Dawa waliyoipata ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Mwaka 1793 wakafuta ukaguzi. Lipa ada, jaza karatasi, chukua hataza. Mgogoro ukitokea, nendeni mahakamani. Unajua kilichofuata. Watu walinakili uvumbuzi wa wenzao, wakapata karatasi yenye muhuri, wakazunguka mashambani na viwandani kudai malipo. Fundi wa kijijini angejuaje kwamba karatasi ile haina thamani? Miaka 43 mambo yalikwenda hivyo. Seneta John Ruggles wa Maine ndiye aliyesimamia sheria mpya ya Julai 1836, iliyoweka wakaguzi wa kazi hiyo hasa. Namba zikaanza upya, na hataza namba 1 ikawa ya Ruggles mwenyewe, kwa gurudumu la treni! Desemba ya mwaka huo huo ofisi ikaungua, na kumbukumbu za hataza kama 10,000 zikawa majivu. Mkaguzi bila kumbukumbu ni sawa na mzee aliyepoteza akili. Hawezi kukuambia kama jambo lilishatokea.

Ned

Sasa nikupe kisa ambacho wasifiaji wa historia hiyo hukipita haraka.

Huko Mississippi, miaka ya 1850, mtumwa aliyejulikana kwa jina la Ned tu alibuni chombo cha kupalilia pamba kinachofanya kazi ya watu kadhaa. Bwana wake, Oscar Stuart, akaomba hataza iwe yake. Hoja yake: mtumwa ni mali yangu, basi na matunda ya akili yake ni mali yangu. Ofisi ikakataa, kwa sababu sheria ilimtaka mwombaji aape kwamba yeye ndiye mvumbuzi, na Stuart hakuwa mvumbuzi. Ned je? Ned naye hakuweza kuapa, maana mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Dred Scott, ilikuwa imeamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Mwaka 1858 Mwanasheria Mkuu Jeremiah Black akafunga mjadala: uvumbuzi wa mtumwa haupati hataza, si kwa mtumwa wala kwa bwana.

Tafakari, ndugu yangu. Kitu kilikuwa kipya. Kilifanya kazi. Aliyekivumbua alikuwepo, anapumua, ana jina. Lakini kwenye karatasi hakukuwa na mvumbuzi. Stuart alikitengeneza na kukiuza hivyo hivyo. Kumbe kabla ya kuuliza "ni kipya?", meza ile ilikuwa na swali lingine lisiloandikwa: "wewe ni mtu?"

Uingereza nao

Wenzao wa Uingereza walikuwa na balaa la aina nyingine. Mwaka 1850 Charles Dickens alichapisha hadithi fupi kuhusu fundi maskini anayefuatilia hataza London, anatumwa ofisi hii hadi ile, hatua zaidi ya thelathini, na ada juu ya ada. Ukiisoma utadhani ameandika juu ya ofisi unayoifahamu wewe. Miaka miwili baadaye, 1852, sheria ikaunda Ofisi moja ya Hataza. Ila hata hapo hakuna aliyechunguza kama kitu ni kipya. Kamati ya mwaka 1901 ilipopekua, ikakuta kwamba takriban asilimia 40 ya hataza zilizotolewa zilihusu mambo yaliyokwisha kuelezwa tayari. Karibu nusu! Sheria ikapitishwa 1902, na msako wa yaliyotangulia ukaanza 1905.

Mwaka huo wa 1905, huko Bern, Uswisi, kijana wa miaka 26 alikuwa akikagua maombi ya hataza mchana na kuandika fizikia yake kwa wakati wake. Jina lake Albert Einstein. Anayedhani kazi ya ofisini inaua fikra, alijue hilo.

Mezani na kibati

Turudi kwenye chekeche letu. Mkaguzi wa miaka ya 1990 angekuwa na nini mbele yake? Mwaka 1858 Mfaransa Sales-Girons alikuwa na kifaa cha mkononi cha kuvutia ukungu. Mwaka 1880 ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, waligundua tabia ya piezo. Mwaka 1927 Wood na Loomis walionyesha kwamba mitetemo ya kasi isiyosikika inaweza kurusha ukungu kutoka kwenye majimaji. Mwaka 1962 Robert Lang alipima uhusiano kati ya kasi ya mtetemo na ukubwa wa kitone. Mapema miaka ya 1980 Wajapani walishaandikisha hataza za kibati chenye matundu kinachotetemeshwa na piezo. Mtu akija kusema "naomba miliki ya kibati chenye matundu kinachotetema", jibu ni moja: pole, umechelewa.

Ndipo mwombaji anaposogea hadi pale alipo yeye hasa. Hataza za Yehuda Ivri, mhandisi wa California, kwa mfano, zinaeleza matundu yanayopungua upana, mapana upande wa dawa na membamba upande wa hewa. Sasa mkaguzi ana maswali matatu. Ni kipya, yaani hakuna waraka mmoja unaokieleza chote? Kinatumika? Na lile gumu: fundi wa kawaida wa fani hiyo, mwenye nyaraka zote mezani lakini asiye na kipaji cha pekee, angekifikia bila jasho? Akikifikia, hakuna hataza.

Ofisi ya Ulaya, iliyofunguliwa Munich mwaka 1977, ina njia yake. Tafuta waraka ulio karibu zaidi. Ona tofauti ni ipi na inasaidia nini. Kisha uliza kama fundi yule angefanya hivyo, si kama angeweza tu. Tofauti ya "angefanya" na "angeweza" ni ndogo mdomoni, lakini kesi nyingi hufia hapo. Mtego wake ni huu: ukishaonyeshwa jibu, kila kitu ni rahisi. Kitendawili kikiteguliwa, hata mtoto anasema alijua.

Na sasa sikiliza wewe mwandishi. Mipaka ya hataza huwekwa na madai yaliyo mwishoni mwa waraka, na kwa desturi kila dai ni sentensi moja tu, hata ikijaza ukurasa. Ukiandika "kifaa chenye kibati na kauri", mshindani anayeongeza kifuniko bado amekanyaga shamba lako. Ukiandika "chenye kibati na kauri tu", akiongeza kifuniko ametoka. Neno "tu" limeuza shamba. Nani alisema sarufi haina faida?

Na huku kwetu?

Kwa miaka mingi Kenya na Tanganyika hazikuwa na meza ya ukaguzi kabisa. Sheria ya kikoloni, iliyoendelea kutumika hata baada ya uhuru, ilimtaka mtu apate kwanza hataza Uingereza, ndipo aiandikishe huku. Fundi wa Gikomba au Gerezani aliyebuni kitu alitakiwa aanzie London. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1987, Kenya 1989. Wakati huo nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza zilishaanzisha ofisi ya pamoja kwa mkataba wa Lusaka wa 1976, leo inaitwa ARIPO, makao yake Harare. Kwa Itifaki ya Harare ya 1982 ombi moja linakaguliwa pale, na kila nchi iliyotajwa ina miezi sita ya kusema hapana. Kenya na Uganda wamo tangu 1984, Tanzania tangu 1999.

Je, tunaisema hiyo hapana? Nchi isiyosoma inachopewa kusaini inaweza kukubali hataza dhaifu, na anayeilipia ni mama aliye dirishani mwa duka la dawa. Upande wa pili, hataza ni barua iliyo wazi. Zile za mwanzo za chekeche linalotetema, zilizoombwa miaka ya 1980 na 1990, muda wake umekwisha. Michoro yake ipo, vipimo vipo, na sasa ni mali ya wote. Kijana wa chuo cha ufundi anaweza kuzisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Anachohitaji ni uvumilivu wa kusoma sentensi ndefu.

Vipande vya chekeche lile vilikuwepo kabla, kimoja kimoja, tangu 1858. Anayeandika leo naye anakuta mapenzi, kifo, safari, na jiji lililomeza vijana. Rafiki akikuuliza "mbona kama nimeshaisoma?", usimkasirikie. Muulize: wapi? Kisha kaa chini utafute tofauti iko wapi, na inafanya kazi gani. Ukiipata, iandike kwa sentensi moja. Ukiikosa, endelea kutafuta. Ned aliipata, na mpaka leo hatujui hata jina la baba yake.