Zabibu yenye Nisba ya Mji Uliozikwa

Katika desturi ya Waarabu, mtu aliyehama kwao hubaki na mji wake ndani ya jina. Mshairi Ibn Hamdis alizaliwa katika kisiwa cha Sisilia yapata mwaka 1056, akaondoka angali kijana wakati Wanormani wakikiteka kisiwa hicho, akafia ughaibuni mwaka 1133. Vitabu humwita as-Siqilli, Msisilia, mpaka leo. Kisiwa hichohicho kina zabibu ambayo nayo imepewa nisba.

Zabibu hiyo ni Nerello Mascalese, yaani nyeusi ndogo ya Mascali. Hustawi kwenye miteremko ya Etna, mlima wa volkano wenye kimo cha zaidi ya mita 3,300. Mwana wa pwani akifika huko hatakuwa mgeni wa maneno yote. Wenyeji huuita mlima wao Mongibello: nusu ya jina ni neno la Kilatini lenye maana ya mlima, na nusu ya pili ni jabal ya Kiarabu, iliyozaa jabali la Kiswahili. Zabibu nyingine ya kisiwa huitwa zibibbo, neno lenye asili moja na zabibu. Hayo ni mabaki ya utawala wa Waislamu, kati ya karne ya 9 na ya 11.

Udongo wa Etna ni majivu na lava iliyosagika kwa karne nyingi. Mawe meusi yaliyofunika mashamba ya kale ndiyo wakulima waliyoyaokota wakajengea kuta za matuta. Mashamba mengi ni ya familia. Kule Milo, upande wa mashariki, ukoo wa Nicolosi umelima mizabibu tangu karne ya 18. Hata mdudu filoksera, aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19 kwa kuishambulia mizizi, alishindwa kuenea palipokuwa na mchanga wa volkano. Ndiyo maana ipo mizabibu ya Etna iliyopita umri wa miaka 100 ingali juu ya mizizi yake ya asili.

Lakini mlima unaolisha ndio unaodai. Novemba 1928 ubavu wa Etna ulipasuka. Lava ilishuka polepole, watu wakapata muda wa kuhamisha vyombo vyao. Mji wenyewe haukuhamishika. Katika siku chache Mascali ilifunikwa. Mji mpya ulijengwa mahali pengine, ukapewa jina lilelile.

Mwaka 1968 mvinyo wa Etna ulikuwa wa kwanza wa Sisilia kupewa jina linalolindwa kisheria. Kwa ule mwekundu, sharti angalau asilimia 80 ya zabibu iwe Nerello Mascalese. Hivyo nisba ya Mascali ikaingia katika sheria miaka 40 baada ya mji wa kale kuzikwa.

Ibn Hamdis aliibeba nisba yake mwenyewe, pamoja na uchungu wake. Mzabibu haujui kwao. Nisba yake imetunzwa na familia zilizoendelea kupogoa na kupanda chini ya mlima uleule, zikijua fika kilichomo ndani yake.