Mwalimu Aliyejifunza Kuandika Upya

Katika mafundisho ya kipaimara wengi wetu tulimjua Martin Luther akiwa ameshika nyundo. Tarehe 31 Oktoba 1517, mlango wa kanisa la ngome ya Wittenberg, hoja 95. Kama nyundo ile ilipigwa kweli au hoja zilipelekwa kwa barua tu, wanahistoria bado wanabishana, nami sitaingia katika ugomvi wao. Ninayetaka kumwonyesha msomaji ni Luther mwingine, ambaye picha yake haitundikwi katika ofisi za usharika: mtu anayegombana na mchapaji kwa sababu ya karatasi mbovu, anayemwandikia rafiki barua kuuliza majina ya vito, anayekaa wiki nzima akitafuta neno moja. Huyu ni Luther mwandishi. Kazi hiyo hakuzaliwa nayo. Alijifunza, tena alianza akiwa mtu mzima.

Alizaliwa mwaka 1483. Kufikia mwisho wa mwaka 1516 alikuwa na umri wa miaka 33, daktari wa theolojia tangu 1512, mwalimu wa chuo kikuu, mhubiri, msimamizi wa watawa, na alikuwa hajachapisha karibu kitu chochote. Desemba ya mwaka huo alitoa kijitabu cha zamani cha Kijerumani cha mafundisho ya kiroho, kisicho na jina la mwandishi, akakiandikia dibaji fupi. Majira ya kuchipua ya 1517 kikaja kitabu chake mwenyewe cha kwanza, maelezo ya zile Zaburi saba za toba, kwa Kijerumani. Katika sharika zetu wako wazee wanaosema kwamba kuandika ni kwa vijana waliosoma. Huyu alianza akiwa na majukumu kama yao.

Zile hoja 95 zenyewe hazikuandikwa kwa ajili ya watu. Ziliandikwa kwa Kilatini, kwa mtindo wa mijadala ya wasomi, sentensi moja moja za kubishaniwa darasani. Zilipochapwa Nuremberg, Leipzig na Basel, na kutafsiriwa na watu wengine, Luther hakufurahi tu, alishtuka pia. Machi 1518 alimwandikia rafiki yake wa Nuremberg kwamba hiyo haikuwa njia ya kuwafundisha watu wa kawaida, maana mambo mengine ndani yake hata yeye alikuwa bado hana uhakika nayo. Mwezi huohuo akatoa kijitabu kingine juu ya vyeti vya msamaha na neema, safari hii kwa Kijerumani.

Kijitabu hicho ndicho ninachokihesabu kuwa darasa lake la kwanza la uandishi, ingawa vitabu vyetu vya historia hukipita haraka vikikimbilia nyundo. Kina aya 20 fupi. Hakuna majina marefu ya wanazuoni, hakuna Kilatini cha kutishia watu. Msomaji mmoja angeweza kukisoma kwa sauti mezani, na wasiojua kusoma wakasikiliza mpaka mwisho kabla chakula hakijapoa. Na katika mji ambao wengi hawakujua kusoma, hivyo ndivyo vitabu vilivyosomwa. Kilichapwa tena na tena katika miji mbalimbali. Tetzel, mhubiri wa vyeti vile, alijibu naye kwa lugha ya watu, lakini jibu lake lilikuwa refu na zito, na halikusomwa kama la mwenzake.

Ufupi huo ulikuwa pia jambo la fedha. Gharama kubwa ya mchapaji wakati ule ilikuwa karatasi. Kitabu kikubwa cha Kilatini kilifunga fedha zake kwa miezi mingi kabla ya kuuza nakala ya kwanza. Lakini karatasi moja kubwa ikikunjwa mara mbili inatoa kurasa 8. Mchapaji angeweza kupanga herufi zake kwa siku chache, akachapa, akauza, akanunua karatasi nyingine. Luther aliuelewa uchumi huo. Vijitabu vyake vingi vya miaka ile vinatosha katika karatasi moja au mbili.

Wittenberg wenyewe ulikuwa mji mdogo, wenye watu wapatao 2,000 tu, na mchapaji wake, Johann Rhau-Grunenberg, alikuwa mtu mwaminifu lakini mzito wa kazi. Luther aliona kwamba neno zuri likichapwa vibaya halifiki mbali. Mwaka 1519 yeye na wenzake walimshawishi mchapaji mkubwa wa Leipzig, Melchior Lotter, afungue tawi Wittenberg, naye akamtuma mwanawe akiwa na herufi nzuri, pamoja na za Kigiriki. Lucas Cranach, mchoraji wa mtawala Friedrich, akatengeneza mapambo ya kurasa za mbele, hata mnunuzi sokoni akawa anaweza kutambua kwa mbali kitabu cha Wittenberg. Mwaka 1520 kitabu cha Luther kwa wakuu wa Ujerumani kilichapwa nakala 4,000, wingi usio wa kawaida kwa wakati ule, zikaisha upesi na toleo la pili likahitajika. Mwaka uliofuata, akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg, aliona jinsi Grunenberg alivyochapa kijitabu chake kimojawapo, akaandika barua ya hasira kulalamikia herufi zilizovurugika na karatasi chafu. Mtu ametengwa na papa, amewekwa nje ya ulinzi wa sheria na kaisari, anaweza kuuawa na yeyote, naye analia juu ya karatasi! Wengine watacheka. Mimi naona hapo heshima kwa msomaji.

Humo ngomeni, kuanzia Desemba 1521, alitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki kwa muda wa majuma kama 11. Kasi hiyo husifiwa sana mimbarini. Kinachosahaulika ni kilichofuata. Machi 1522 alirudi Wittenberg na mswada, akakaa na Philipp Melanchthon, mwalimu wa Kigiriki aliyemzidi katika lugha hiyo, wakaupitia pamoja. Alimwandikia Georg Spalatin, katibu wa mtawala, akiomba majina ya vito vya Ufunuo 21, na ikiwezekana aonyeshwe vyenyewe, maana hakutaka kuandika jina la jiwe asilolijua. Baadaye, alipofika kwenye dhabihu za Walawi, inasimuliwa kwamba alichinjiwa kondoo ili mchinjaji amtajie kila kiungo kwa jina linalotumika machinjioni. Katika kitabu cha Ayubu yeye, Melanchthon na Matthäus Aurogallus walikwama kiasi kwamba siku nne wakati mwingine hazikutosha kumaliza mistari mitatu. Mwaka 1530 aliandika barua ya wazi kueleza njia yake: anayetafsiri asikiulize Kilatini jinsi Kijerumani kinavyosemwa, bali amsikilize mama nyumbani, watoto njiani, na mtu wa sokoni, aangalie vinywa vyao wanapozungumza. Kwa sababu hiyo alilitetea lile neno "pekee" aliloliongeza katika Warumi 3:28. Kijerumani chenyewe, alisema, kinalidai.

Agano Jipya hilo lilitoka Septemba 1522, nakala zinazokadiriwa kuwa 3,000, likiwahi maonyesho ya biashara ya Leipzig. Tazama ukurasa wake wa mbele: kuna jina la kitabu na jina la mji. Hakuna jina la mtafsiri. Hakuna jina la mchapaji, wala mwaka. Desemba ileile toleo la pili lilihitajika.

Duke Georg wa upande wa pili wa Saxony alilipiga marufuku. Lakini watu wake walilitaka, hivyo mwanatheolojia wake, Hieronymus Emser, akatoa Agano Jipya "lililosahihishwa" mwaka 1527. Kwa sehemu kubwa lilikuwa tafsiri ya Luther iliyoguswaguswa hapa na pale, hata na picha za Cranach. Luther aliandika kwa kejeli kali kuhusu jambo hilo, kisha akasema imetosha kwake kwamba kazi yake inasomwa hata chini ya jina la adui.

Wachapaji wezi walimuumiza zaidi. Mwaka 1525 karatasi za mahubiri yake zilizokuwa bado mtamboni Wittenberg ziliibwa, zikachapwa Nuremberg kabla kazi haijakamilika. Hapo hakutania. Aliwaita wanyang'anyi, na kilichomkera hasa si fedha, maana yeye mwenyewe hakuchukua malipo kwa vitabu vyake. Kilichomkera ni kwamba walichapa kwa haraka, wakaharibu maneno, na msomaji wa mbali akadhani makosa yale ni ya Luther. Tangu 1524 alikwisha kuweka alama mbili katika vitabu vyake, mwanakondoo mwenye bendera na lile ua lake la waridi lenye moyo na msalaba, ili mnunuzi ajue kilichopita mikononi mwake. Waridi hilo tunalolishona leo kwenye vitambaa vya madhabahu liliwahi kufanya kazi ya muhuri wa dukani.

Kuhusu kutochukua malipo, tuwe waangalifu. Wapo wanaolitumia jambo hili kumwambia mwandishi wa Kikristo kwamba kudai haki yake ni kupenda fedha. Luther alikuwa na mshahara wa chuo kutoka kwa mtawala na nyumba aliyopewa. Mwinjilisti aliyechapa kitabu cha nyimbo kwa mkopo wa VICOBA hayuko katika hali hiyo.

Wala kalamu haikubaki mikononi mwa madaktari. Septemba 1523 mwanamke wa Bavaria, Argula von Grumbach, mama wa watoto wadogo, asiyejua Kilatini, aliwaandikia walimu wa Chuo Kikuu cha Ingolstadt kumtetea kijana mmoja aliyelazimishwa kuikana imani yake. Aliwataka wajadiliane naye kwa Kijerumani, kwa Maandiko. Barua ilichapwa mara nyingi. Walimu hawakumjibu. Mumewe alipoteza cheo chake. Mwaka 1524 alitungiwa shairi la kumdhihaki, likimwambia arudi kwenye kusokota uzi. Akalijibu kwa shairi. Baada ya hapo hakuchapisha tena. Katika masomo yetu ya Matengenezo ya Kanisa jina lake lingestahili angalau nusu ya muda tunaompa Tetzel.

Sasa nifike mahali ambapo sisi Walutheri hupenda kupita kwa mwendo wa haraka. Aprili 1525 wakulima wa Ujerumani walikuwa wameinuka kudai haki zao. Luther aliandika kijitabu cha kuonya pande zote mbili, akianza na mabwana, ambao aliwaambia wazi kwamba dhuluma yao ndiyo iliyoleta haya. Baada ya safari kupitia Thuringia, akiwa ameona vurugu, aliongeza sehemu ya pili mapema Mei, akiwataka watawala wawapige waasi bila huruma. Wachapaji wa miji mingine waliitenga sehemu hiyo, wakaiuza peke yake. Tarehe 15 Mei maelfu ya wakulima waliuawa Frankenhausen. Kijitabu kiliwafikia wasomaji wengi wakati maiti zilikuwa zimekwisha kulala mashambani, kikasomeka kama baraka kwa wauaji. Rafiki zake walimsihi aandike neno la kulainisha. Mwezi Julai aliandika, lakini kujitetea.

Nikikitazama kijitabu hiki kando ya kile cha 1518, naona ufundi ni uleule: ufupi, ukali, lugha ya mtaani, karatasi chache, mchapaji anayesubiri mlangoni. Vitu vilivyowafungua watu miaka saba kabla, ndivyo vilivyowaua. Lakini Biblia haikuandikwa hivyo. Biblia nzima ilitoka 1534 katika kiwanda cha Hans Lufft, miaka 12 baada ya Agano Jipya, na hata hapo haikuachwa. Kati ya 1539 na 1541 Luther alikaa tena na Melanchthon, Bugenhagen, Cruciger na wengine, mstari kwa mstari, Georg Rörer akiandika kila kilichoamuliwa. Kila mmoja mezani pale aliweza kumwambia kwamba neno hili si sahihi, naye alikubali kufuta. Mwaka 1525 hakuna aliyekuwa kati ya hasira yake na mtambo.

Wala mwaka 1543, alipotoa kitabu kirefu dhidi ya Wayahudi, akishauri masinagogi yao yachomwe na nyumba zao zibomolewe. Alikuwa mzee na mgonjwa, lakini hilo halitoshi kuwa udhuru. Kitabu si neno la homa, kilipangwa, kikasahihishwa, kikachapwa. Kiliishi kuliko yeye. Wanazi wa Ujerumani walikichapa tena na kukitumia, na mwaka 1946 Julius Streicher, mchochezi wao mkubwa, alimtaja Luther mbele ya mahakama ya Nuremberg kuwa utetezi wake.

Mwaka 1983, Stockholm, Walutheri walikutana na wawakilishi wa Wayahudi, wakatamka kwamba maneno yale ya Luther ni dhambi isiyoweza kukubaliwa wala kupewa udhuru. Mwaka uliofuata tamko hilo lilipokelewa katika Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Budapest. Rais wa Fungamano aliyekuwa akimaliza kipindi chake katika mkutano ule alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977. Miaka 441 ilikuwa imepita tangu kitabu kile kitoke mtamboni.