Macho ya Gloucester: Hadaa na Taswira ya Kuona katika Historia ya King Lear

Tanzia, yaani mchezo wa kuigiza ambao mhusika wake mkuu huangamia huku kosa lake mwenyewe likichangia maangamizi hayo, hujengwa pia kwa taswira, yaani picha ambazo maneno huziumba akilini mwa msikilizaji. Katika King Lear ya William Shakespeare, iliyochezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza katika kasri la Whitehall mnamo 26 Desemba 1606, taswira inayotawala ni ya kuona, nayo imefungamana na hadaa.

Kisa cha Gloucester, kabaila mzee katika mchezo huo, kilichotwa katika Arcadia ya Philip Sidney, iliyochapishwa mwaka 1590, ambamo mfalme mmoja anapofushwa na mwanawe wa nje ya ndoa. Shakespeare aliongeza barua ya kughushi: Edmund, mwana wa nje ya ndoa wa Gloucester, anajifanya kuificha, na baba yake, kwa kuiona ikifichwa, anashikilia kuisoma, kwa hiyo mzee hadanganywi kwa kunyimwa asione bali kwa kuonyeshwa. Gloucester anaujua ukweli kuhusu mwanawe huyo mara tu baada ya kung'olewa macho yote mawili.

Baadaye mwanawe wa halali, Edgar, aliyejigeuza asitambulike, anamwaminisha kwamba wamefika kwenye ukingo wa jabali la Dover, ilhali wamesimama mahali tambarare. Katika ukumbi kama Globe, uliojengwa London mwaka 1599, michezo ilichezwa mchana, bila mandhari ya kuchorwa, na mtazamaji alizoea kuliona jabali au bahari kwa kuambiwa tu. Hivyo naye, kwa kitambo, alikuwa kipofu pamoja na Gloucester, akiongozwa na sauti ileile ya Edgar iliyodanganya ili kumponya mzee na kukata tamaa.

Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini vizazi vilivyofuata vilitafuta pazia la kujifunika visiuone mwisho wa tanzia hii. Mwaka 1681 Nahum Tate aliuandika upya mchezo, akamrudishia Mfalme Lear kiti chake na kumwoza bintiye Cordelia kwa Edgar, na toleo hilo likatawala majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 140. Hata mhakiki Samuel Johnson alikiri kwamba kifo cha Cordelia kilimuumiza kiasi cha kutothubutu kuzisoma tena kurasa za mwisho, hadi kazi ya uhariri ilipomlazimu. Edmund Kean aliurejesha mwisho wa huzuni mwaka 1823, na William Macready akarudisha sehemu kubwa ya maneno ya Shakespeare mwaka 1838.

Kilichorejeshwa ni onyesho ambamo Lear, akiwa amembeba bintiye aliyekufa, anawasihi waliomzunguka wamtazame midomo, kana kwamba bado inapumua. Mfalme aliyeanza kwa kudanganywa na ndimi za binti zake wengine anamalizia kwa kudanganywa na upendo wake mwenyewe, na mtazamaji, anayeuona ukweli ambao Lear hauoni, hana tena mahali pa kugeuzia macho.